Mkunjo umechapwa kwenye kava

Ile LP, yaani santuri kubwa ya nyimbo nyingi, ilinifikia jioni, ndo natoka kazini, nikalichana boksi hata viatu sijavua. Bendi ya Nairobi ya miaka ya 70, wale waliokuwa wanachanganya midundo ya nyumbani na fanki, sahani niliyoitafuta kama miaka mitano hivi, na aliyeniuzia ni mtu wa nje niliyempata mtandaoni, kaandika kabisa "toleo la kwanza, Kenya", na baada ya kubembelezana bei ikasimama kwenye laki nne na nusu za kwetu pamoja na usafiri. Kava lilikuwa limechoka haswa, lina ule mduara uliofifia unaotokana na sahani kukaa ndani miaka mingi, na kona ya juu kulia ina mkunjo mrefu kama vile kuna mtu aliwahi kulikalia. Nikaupenda hata huo mkunjo. Halafu nikapitisha kidole gumba juu yake, kikateleza. Nikarudia polepole, safari hii nimefumba macho, kikateleza tena, karatasi laini kama kioo. Mkunjo unaonekana ila haupo. Mtu kachukua kava la kweli, kalipiga skani, kalichapa upya kwenye kadibodi mpya pamoja na majeraha yake yote.

Moyo nao ukikipenda kitu haukubali upesi. Nikajiambia labda kava tu ndo limebadilishwa, sahani yenyewe ni ya kweli, nikaiweka kwenye pleya. Sindano ikashuka, nikasikia zile chwa chwa za sahani ya zamani, nikashusha pumzi, maana si ndo sauti ya santuri iliyopigwa kwenye baa miaka na miaka? Wimbo wa kwanza ukaisha. Kukawa kimya. Yaani kimya cha kweli, hakuna hata kidoa kimoja cha sauti, halafu wimbo wa pili ukaanza na zile chwa chwa zikarudi pamoja nao. Nikakaa chini. Santuri iliyochakaa imechakaa yote, kwenye wimbo na kwenye nafasi kati ya nyimbo, vumbi na mikwaruzo havijui wimbo umeishia wapi. Ukisikia mikwaruzo inaingia na muziki na kutoka na muziki, ujue mikwaruzo hiyo si ya sahani uliyoishika, ni ya sahani nyingine ambayo mtu aliirekodi kwenye kompyuta, akafifisha sauti mwisho wa kila wimbo, akapeleka kiwandani. Niliisafisha, nikaipiga mara tatu, ile "tak" ya dakika ya pili kwenye wimbo wa tatu ikabaki palepale, na kwenye sahani yenyewe hapana mkwaruzo, nimeangalia kwa tochi mpaka macho yanauma.

Laki nne na nusu iliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba nilikuwa nakusanya santuri mwaka wa sita na nilikuwa najiona najua. Nimekulia Tanga, baba alikuwa na sahani zake kama arobaini kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, za bendi kama Cuban Marimba, Atomic, Jamhuri Jazz, Morogoro Jazz, na Jumapili mchana ilikuwa ruhusa mtoto mmoja tu kumbadilishia, wengine mnaangalia kwa mbali. Alipofariki sanduku likakutwa na mchwa, makava yameliwa, sahani zenyewe nyingi zilipona maana mchwa hali plastiki. Nilianzia hapo, kurudisha zile za baba moja moja. Kwa hiyo kwangu swali la hii ni ya kweli au si ya kweli halijawahi kuwa la bei peke yake, nataka ile iliyokuwepo siku zile, iliyotoka kwenye mashine wakati wale watu wako hai na bendi inapiga Ijumaa ukumbini.

Baada ya hiyo LP niliamua kuanza upya kama mwanafunzi. Nina ndugu Mombasa, akanipeleka kwa mzee mmoja mtaa wa pili kutoka kwao ambaye miaka ya 70 alikuwa muuzaji kwenye duka la santuri. Nikaenda na sahani yangu feki na nyingine nne nilizokuwa na uhakika nazo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nambiwa wataka kujua sahani."

Nikampa ile feki kwanza, sikumwambia kitu. Mimi nilitarajia asome lebo, ile karatasi ya duara katikati ya sahani, kama sisi tunavyofanya, rangi, nembo, namba, mwaka. Mzee hata lebo hakuitazama. Aliishika pembeni kwa viganja, akasogea mlangoni penye mwanga, akaiinamisha mpaka mwanga ukawa unalala juu ya ile sehemu tupu kati ya mstari wa mwisho na lebo, akaizungusha polepole kama anatafuta kitu kilichodondoka majini.

"Wewe hapa wasoma nini?" akaniuliza, huku anagonga lebo kwa ukucha. "Karatasi hii hata mie naweza kuichapisha. Soma hapa uwanjani."

Aliita uwanja na mimi tangu siku hiyo naita uwanja. Ni upana wa vidole viwili tu hapo, lakini ndo penye habari. Sahani inaanza na bamba laini ambalo mashine inakata mistari juu yake, na fundi akimaliza kukata anaandika namba pale uwanjani, kwa mkono na kitu chenye ncha au kwa kugonga herufi za chuma. Bamba linazalisha vyuma, vyuma vinazaa mihuri ya kuchapia, na chochote alichoandika fundi siku ile kinatokea kwenye kila sahani inayotoka hapo, mpaka mwandiko wake, mpaka alivyoteleza. Mtu anayetengeneza feki hana ule muhuri. Anaanza na bamba lake mwenyewe, kiwanda chake mwenyewe, kwa hiyo uwanja wake utasema kitu kingine, hata kava lifanane vipi. Yangu ilikuwa na tarakimu ndefu nyembamba zilizopangwa sawasawa kama za risiti, hakuna hata moja iliyolingana na namba ya lebo. Zile nne za kweli zilikuwa na namba ileile ya kwenye lebo, imekwaruzwa kwa mkono, na mbili kati yake mzee alizishika pamoja, akanionesha saba yenye kistari katikati.

"Huyu mtu mmoja huyu. Tazama saba yake."

Nikatazama. Sahani mbili za bendi mbili tofauti, miaka miwili tofauti, na saba ileile yenye kistari kinachopinda kidogo kulia. Sikujua jina lake na mzee hakumjua pia, lakini kuna mtu alikaa Nairobi na kisu chake akaandika hizo namba moja moja, na mimi nimekaa na sahani zake nyumbani miaka yote sijawahi kumwona. Nilirudi Dar nikazitoa zote kwenye kabati nikaanza kusoma viwanja usiku mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa hapa niseme kitu kuhusu maelekezo ya wakusanyaji wa nje, maana wengi wetu ndo tunaanzia huko. Ni mazuri, lakini yameandikwa kwa sahani zao. Wanakufundisha kwamba sahani ya jazi ya zamani ya kampuni ya Blue Note ya Marekani iwe na alama kama sikio pale uwanjani, kwamba ndo alama ya kiwanda cha Plastylite, na kwamba uangalie herufi RVG za fundi Rudy Van Gelder. Sawa, ni kweli kabisa. Ila ukija na macho hayo kwenye sahani ya Kilwa Jazz utapotea, maana zetu zina historia yake. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, au zilisafiri zenyewe mpaka Nairobi studio, na sahani zikachapwa Nairobi. Ndo maana unakuta santuri ya bendi ya Morogoro au Dar imeandikwa imetengenezwa Kenya, na mtu mgeni anaona ni kasoro kumbe ndo ushahidi. Halafu Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983, na hiyo miaka karibu saba sahani za kutoka Nairobi zilikuwa taabu kuzipata huku kwetu, kwa hiyo nikiletewa Dar sanduku zima la sahani za 1979 na 1980 zinazong'aa, na muuzaji anasema zimekaa humuhumu mjini tangu zitoke, nauliza zilipitia wapi. Saa zingine jibu lipo na ni zuri tu, mjomba alikuwa dereva wa lori, shangazi kaolewa Mombasa. Saa zingine hakuna jibu.

Kingine ni huu ugonjwa wa LP. Watu wanatafuta LP kama ndo mzizi, wakati muziki wetu mwingi ulitoka kwanza kwenye sahani ndogo za 45, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo upande wa kwanza na upande wa pili, mara nyingi ni wimbo mmoja mrefu umekatwa katikati, unageuza ndo inakuja ile sehemu ya kucheza. LP ikija ni mkusanyiko wa baadaye. Mfano mzuri ni Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, na ule mfululizo wa LP za Ukumbusho wa kampuni ya Polydor ya Kenya, jina lenyewe linakwambia, ulitoka baada ya kifo. Ni sahani za halali na mimi ninazo na nazipenda, ila nimeshaona mara nyingi mtu anauza moja yake kwa bei ya kutisha akisema ni toleo la kwanza la nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 70. Mbaraka wa 1972 yuko kwenye 45, bana. Na nyingi ya hizo 45 hazikuwa na kava lenye picha, ni mfuko wa karatasi tu, wazi katikati lebo ionekane, kwa hiyo ukiletewa 45 ya bendi yetu ya wakati ule ina kava la rangi lenye picha nzuri ya bendi, usikatae moja kwa moja lakini shika pochi yako kwanza.

Na neno orijino lenyewe linahitaji subira. Wimbo uliovuma haukuchapwa mara moja, kiwanda kilekile kilirudia na kurudia kwa mihuri ileile au iliyozaliwa na bamba lilelile, lebo ikabadilika rangi kidogo, karatasi ikawa nyepesi. Hizo zote kwangu ni za kweli, ni mapacha waliozaliwa siku tofauti. Nyimbo za Kikongo ndo usiseme, wimbo mmoja wa Franco unaweza kuwa umetoka Kinshasa kwa jina la kampuni ya Editions Populaires, ukatoka Paris kwa jina la African, na Nairobi ukatoka kwa leseni, na hakuna wa uongo hapo. Swali linakuwa unataka ipi. Mimi nataka ya Nairobi hata kama wakusanyaji wa Ulaya wanailipia kidogo, kwa sababu ndo iliyopigwa Tanga, ndo aliyokuwa nayo baba.

Majina ya nchi yamenisaidia kuliko kitu chochote baada ya uwanja. Lebo ni kama kitambulisho, ina nchi na mji, na nchi zetu zimebadilisha majina. Ikiandikwa Zaire, haiwezi kuwa kabla ya Oktoba 1971, na jina hilo likafa Mei 1997. Ikiandikwa Léopoldville ni kabla ya 1966 mji haujaitwa Kinshasa. Tanzania kama jina imeanza 1964. Siku moja kijana alinitumia picha ya nyuma ya kava, anasema ni ya 1968, chini kabisa kwa herufi za sisimizi limeandikwa limetengenezwa EU. Umoja wa Ulaya kwa jina hilo umeanza Novemba 1993. Nikamwandikia "mdogo wangu, rudisha hiyo kama unaweza, soma mstari wa mwisho chini kushoto". Alikuwa ameshalipa. Na ile michirizi ya bei, ile ya kusomwa na mashine dukani, ilianza kutumika madukani Marekani 1974 na kwenye makava ya santuri ilienea baadaye, kwa hiyo kava la 1971 lenye michirizi ni la juzi, liwe la halali au la wizi.

Kuna mama mmoja wa Unguja, mtu wa heshima sana, aliniletea sahani ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, akaniambia ni ya zile za 1928, bibi yake ndo alinunua. Nilivyoishika tu nikajua. Ni kweli Siti alikwenda Bombay 1928 kurekodia kampuni ya santuri ya HMV, lakini sahani za wakati ule zilikuwa za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa lakri, nzito na zinavunjika kama sahani ya udongo. LP ya plastiki ilianza 1948 na sahani ya 45 ikaja 1949. Yake ilikuwa ya plastiki, inapinda ukiikamata. Sikuweza kumwambia kwa haraka, nilimpikia chai kwanza. Nikamwonesha ya 78 ninayo moja imepasuka, nikagonga zote mbili kwa ukucha asikie, ile ya lakri inalia kama bakuli, ya plastiki inasema "tap" tu. Akasikiliza mara mbili. Kisha akasema "basi bibi alinunua ile, hii aliinunua mama baadae", na nadhani alikuwa sahihi kabisa, maana nyimbo za zamani zilikuja kutolewa upya, na hakuna aliyedanganya mtu, ni kumbukumbu mbili zimekaa kwenye kava moja.

Kosa langu la pili ndo linaloniuma zaidi kuliko lile la laki nne na nusu, na ni la upande mwingine kabisa. Baada ya kutapeliwa nikawa mkali, kila kitu kisafi kwangu feki. Nikaenda Nairobi, kuna mtu akaniita kwake akanitolea boksi la 45, kama sahani sitini hivi, za benga na za bendi za Kitanzania, mifuko ya karatasi bado myeupe, lebo hazina hata alama ya ule msumari wa katikati wa pleya. Nikaangalia haraka haraka nikasema hizi zimechapwa upya, haiwezekani sahani ya 1975 iwe hivi. Yule jamaa hakubishana, alinyamaza tu, akafunika boksi. Rafiki niliyekwenda naye akarudi kesho yake akalinunua lote. Mwezi uliofuata nikaenda kwake, nikaziinamisha kwenye taa, na nikaiona saba yenye kistari. Ilikuwa kwenye sahani kumi na moja. Kumbe kaseti zilipoziua santuri miaka ya 80 maduka mengi yalibaki na mzigo haujauzwa, ukakaa stoo, kwenye dari, chini ya kaunta, miaka thelathini na zaidi, na hizo sahani hazijawahi kupigwa hata mara moja. Nilikuwa nimezikataa kwa sababu hazijaumia. Mle ndani kulikuwa na mbili za kwenye sanduku la baba ambazo mpaka leo sijazipata, na rafiki yangu haziuzi, na simlaumu.

Ndo nikaacha kuangalia uchakavu kama ushahidi. Uchakavu unaweza kuchapwa na usafi unaweza kuwa wa kweli.

Ninavyofanya siku hizi ni hivi. Nina boksi la sahani mbovu, zilizopasuka, zilizopinda kwa jua, zilizoungua, nazinunua elfu mbili elfu tatu au napewa bure, watu wananishangaa. Hizo ndo walimu wangu. Kila kampuni ya Nairobi ninayokusanya sahani zake nina angalau moja mbovu ambayo najua imetoka wapi, ya nyumba gani, nani alikuwa nayo, jina la mwenyewe limeandikwa kwa biki kwenye lebo au kuna muhuri wa duka. Wakusanyaji wa nje wanapunguza bei wakiona jina la mtu kwenye lebo, mimi nalipenda. Nikipata sahani mpya naiweka pembeni ya ile mbovu na kioo cha sonara, naangalia herufi. Kwenye lebo ya kweli kingo za herufi zimekatika safi, wino umekaa wote sawa. Kwenye iliyopigwa skani ukikuza unaona vidoti vidoti vya rangi vinaunda herufi, kingo zina ukungu, na mstari mwembamba kuliko yote, mara nyingi ule wa jina la mtunzi, umevimba au umekatika. Halafu naangalia lebo imeshikaje. Lebo ya santuri kwa kawaida haigundishwi, inaingia kwenye mashine pamoja na plastiki ya moto na kukandamizwa palepale, inakuwa kitu kimoja na sahani. Ukiona pembe ya lebo inainuka kwa ukucha kama stika, kuna kitu kimefunikwa chini.

Mizani ya jikoni pia ninayo. LP zangu nyingi za miaka ya 70 ziko kwenye gramu 110 mpaka 140, na hizi za marudio za siku hizi nyingi zinatengenezwa nzito, gramu 180, wanaandika kwa fahari kabisa kwenye kava. Uzito peke yake hauhukumu, nina ya zamani nzito na mpya nyepesi, lakini ukijumlisha na uwanja na lebo unaanza kupata picha.

Na ukinunua kwa simu, omba picha ya uwanja, pande zote mbili, taa itokee pembeni isitokee juu. Muuzaji mkweli atakutumia, labda atalalamika kidogo kwamba haionekani vizuri, mwambie aipanguse na aiinamishe. Anayekutumia picha ya tano ya kava wakati umeomba uwanja, mshukuru umwache.

Sitaki mtu anielewe vibaya, sichukii sahani za marudio. Ninazo nyingi. Ile Kenya Special ya 2013, mkusanyiko wa nyimbo za zamani uliotolewa na kampuni ya Soundway, naipiga mpaka majirani wanaijua, na kuna nyimbo mle sitazipata kwenye 45 yake maisha yangu yote. Kampuni inayofanya kazi yake inamtafuta mwanamuziki au watoto wake, inaandikishana nao, inaandika kwenye kava wimbo umetoka wapi na lini. Hata zile za halali nyingine zimetolewa kwenye sahani ya zamani kwa sababu tepu ilipotea, kwa hiyo utasikia chwa chwa chini yake, ila wanakwambia. Tofauti ni kuambiwa.

Niliwahi kuipeleka ile feki yangu kwa mzee mmoja aliyepiga gitaa kwenye sahani hiyohiyo, anaishi pembezoni mwa Nairobi, sitamtaja. Alifurahi kwanza, akaita wajukuu, akawaonesha picha, "huyo hapo mimi". Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia. Akauliza nani aliwapa. Nikasema hakuna aliyewapa. Akaigeuza nyuma, akasoma majina taratibu kwa kidole, mawili kati ya matano yamekosewa herufi kwa sababu aliyechapa alikuwa anasoma kwenye kava lililofifia na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Akasema, "Huyu alishakufa, na jina lake sasa limebaki hivi." Alinirudishia bila kusema kingine na sikuwa na la kumjibu. Nilivyofika nyumbani nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika FEKI kwenye lebo, pande zote mbili, nikarekebisha yale majina mawili nyuma ya kava. Mimi nitakufa na watoto watauza sahani zangu, sitaki hiyo iende kwa mtu mwingine kama ilivyokuja kwangu.

Wiki iliyopita kuna dada wa Arusha kanitumia ujumbe, kafungua stoo ya marehemu babu yake kakuta sahani ndogo kama ishirini, kanipigia picha lebo. Moja ni ya kwenye sanduku la baba, katika zile mbili. Sikumwambia kitu kuhusu baba, nikamwandikia tu "dada samahani, nipigie hapo katikati penye utupu, uiinamishe taa itokee ubavuni". Akauliza kuna nini hapo, nikamwambia kuna namba. Picha ya kwanza ukungu mtupu. Ya pili kidole chake kimeziba. Ya tatu nikaikuza mpaka simu ikagoma, namba imekwaruzwa kwa mkono, inalingana na lebo, na mwishoni kuna saba, na katikati ya saba kuna kistari kinachopinda kidogo kulia. Nimemtumia hela usiku uleule, kasema atampa konda wa basi la Alhamisi, nimemwomba aifunge kwa kanga mbili na aisimamishe, asiilaze.